Mfalme Aliyeuliza Habari za Kwetu

Mwanangu Salum,

Nakusalimu kutoka karibu, maana wewe uko chumbani unabishana na mama yako juu ya uzito wa begi, na mimi niko garini nje ya kliniki, nimepaki kwenye kivuli cha ukuta ambacho jua linakila kidogo kidogo. Ustadhi ameingia kusafishwa damu. Unajua mwenyewe, akishalazwa kwenye ile mashine hatoki mpaka karibu na magharibi. Nazima injini, nawasha tena, joto la huku halina adabu. Karatasi nimeiweka juu ya usukani, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke, naogopa kuigusa honi.

Kesho asubuhi nitakupeleka mimi uwanja wa ndege, urudi kwetu Tanga kusoma, na nakujua, na mimi najijua. Tutaongea habari za foleni. Nitalalamika kwamba wameng'oa mzunguko mwingine wakaweka taa, wewe utasema sasa metro imefunguliwa baba, watu watahamia huko, mimi nitasema Ustadhi hapandi metro. Hapo tutakuwa tumefika. Miaka yote mimi na wewe tumeongea ndani ya gari, wote tunatazama mbele, na kuna maneno yasiyosemeka mtu akitazama mbele. Basi haya utayasoma ukiwa hewani, umefungwa mkanda, huna pa kushuka.

Habari za pasipoti, za chandarua, za maji ya kuchemsha na za kuangalia simu yako ukifika stendi, mama yako amekwishasema na kesho atasema tena. Mimi sina la kuongeza. Nataka nikupe habari za Mfalme, sehemu ambayo sikuwahi kukusimulia, na habari zangu. Zimeingiliana kichwani mwangu kiasi kwamba siwezi kutoa moja nikaacha nyingine.

Wewe unamjua Mfalme tangu uko darasa la pili. Lakini ulikuwa mdogo, hukumbuki alivyoingia kwetu, kwa hiyo nianze hapo.

Ustadhi, kama unavyojua, kafundisha historia maisha yake yote. Aliponichukua niwe dereva wake hapa Wakra, nje kidogo ya Doha, ndiyo kwanza alikuwa amestaafu, na alikuwa anaumwa na ukimya kuliko anavyoumwa figo sasa. Nyumbani hakuna aliyemsikiliza. Wanawe wana simu zao na magari yao. Basi darasa lake likahamia garini. Nikimpeleka msikitini, somo. Nikimpeleka kutazama wavuvi wanavyopakua samaki pale bandarini, somo. Anaongea Kiarabu chake polepole, anarudia, na mimi nina Kiarabu cha chuoni nilichochapiwa utotoni na kingine nilichookota barabarani. Mwanzoni nilikuwa naitikia tu, "naam, naam," kumbe nawaza bei ya saruji. Halafu akafika kwa huyu mfalme, na bila kutaka nikajikuta nasikiliza.

Jina lake Ustadhi alilitamka kwa namna yake, mimi halikunikaa mdomoni, nikamwita Mfalme, na wewe ukafuata. Mfalme wa Sisilia, kisiwa cha katikati ya bahari ya Mediterania, zaidi ya miaka mia nane nyuma. Mkristo, lakini makarani wake Waislamu, na joho lake la kifalme limedariziwa maandishi ya Kiarabu kwa uzi wa dhahabu. Baba yake alikufa yeye mtoto, kaka yake naye akafa, akarithi kisiwa hajaota ndevu. Alichoachiwa hakikumtosha. Akataka na bara la ng'ambo, akalipata. Akataka taji, maana baba yake hakuwa mfalme, akalipata. Akataka Afrika, ile pwani ya Tunisi na Tripoli, akatuma majeshi, wakaichukua, yeye mwenyewe yuko kwake amekaa. Mwisho akataka dunia nzima, na kwa kuwa hiyo haichukuliki, akaagiza ichorwe juu ya bamba la madini ya fedha.

Unakumbuka kile kitabu chenye picha ya ramani? Ustadhi alikupa ukishike kiti cha mbele, ukakigeuza, ukakigeuza tena, ukasema, "Baba, wamekichapa kichwa chini!" Ustadhi alicheka mpaka akakohoa. Akatueleza kwamba wachoraji wa wakati ule waliweka kusini juu. Ukauliza, "Kwa hiyo sisi tuko juu?" Akasema ndiyo, nyinyi mko juu, akakuonyesha kwa kidole nchi ya Zenji, Malindi na watu wake wanaochimba chuma, Mombasa. Nikauliza, Tanga je? Akatafuta kweli, maskini, na miwani yake. Tanga haikuwepo. Nilijisikia vibaya siku nzima, mtu mzima mimi.

Na namna ilivyochorwa ndiyo iliyonikamata. Msafiri yeyote aliyeshuka bandarini aliletwa mbele ya Mfalme na yule mwanachuoni aliyemchorea ramani. Waliulizwa mmoja mmoja, kisha wakaulizwa pamoja. Walipokubaliana, likaandikwa. Walipopingana, likatupwa. Miaka na miaka, maswali yale yale. Mfalme akajua habari za watu wa kwetu na wala hajatia mguu.

Niliposikia hivyo nilipiga usukani kwa furaha. Nikamwambia Ustadhi, "Na sisi Sanaiya tulikuwa tunafanya hivyo hivyo!"

Sanaiya ndiko nilikoanzia, kule eneo la viwanda, kabla hujaja. Chumba cha watu wanane, vitanda vya juu na chini, basi la kampuni linatupakia gizani na kuturudisha gizani. Mtu akitoka likizo hatukumwacha afungue hata begi. Tulimkalisha kitanda cha chini, tukampa chai, tukaanza kumsachi. Ndivyo tulivyoita. Forodhani walikuwa wamesachi mzigo, sisi tunasachi habari. Mvua je? Lami imefika wapi? Nani kafa, nani kaoa, nani kaachwa? Umefika kwetu? Umemwona mama? Kila mmoja anauliza kwao, na akitokea mwingine wa upande ule ule tunamuuliza naye, tuone kama maneno yanalingana. Hata nilipohamia Wakra niliendelea. Ijumaa yangu ya mapumziko nilikuwa nakwenda kule kwa sababu hiyo. Wewe ulidhani nakwenda kula wali wa nazi wa Chande.

Kule Sanaiya niliingia naitwa Baba Mwanaidi, kama kwetu, mtu na mtoto wake wa kwanza. Nilipokuja kwa Ustadhi, huku mtu huitwa kwa mwanawe wa kiume, nikawa Abu Salim, maana Salum wao humwita Salim. Chande na wenzake wakaanza kuniita hivyo kwa kunitania, halafu likakaa. Sikuwarekebisha. Lilinipendeza, nisikufiche. Dada yako alikuwa na miaka saba.

Ustadhi alipokubali nilete familia alinipa chumba kimoja, mulhaki, pale nyuma ya ua tunapoishi mpaka leo. Nikasema watoto wawili hawataenea. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, bado unang'ang'ania mama, basi nikasema aje mama na wewe, Mwanaidi abaki kwetu Pongwe na bibi, mama yangu, mpaka mwakani. Nakwambia, Salum, hilo neno "mwakani" lina raha yake. Unalisema, kifua kinatulia, unalala usingizi. Nimelisema mpaka yule mtoto akavunja ungo, akamaliza shule, akawa mwalimu wa chekechea, mimi bado nalisema.

Nilikuwa najenga. Hilo ndilo lilikuwa jibu langu kwa kila kitu. Nilitaka nyumba ambayo mtu akipita barabara ya Pongwe aulize, hii ya nani. Kwanza vyumba vitatu. Msingi ulipokamilika nikasema mbona mdogo, nikaongeza. Paa lilipokaribia nikaona fulani kaweka ghorofa, nikasema weka zege, tutapandisha. Fundi alikuwa ananipenda sana yule. Na fedha ya kupandisha niliipata kwa kuuza likizo. Unajua watu wa hapa wanavyofanya: likizo yako imefika, tiketi ipo, unamwambia bosi nipe tiketi kwa fedha, sitaki kwenda, nabaki kazini. Mkononi unapata kitu, na huko nyumbani ukuta unapanda. Niliuza zangu. Mama yako alipopata kazi ya kupika kwa mke wa Ustadhi, niliuza na zake. Alikuwa amekwenda mara moja tu na wewe, ukiwa na miaka sita, na wewe unachokumbuka ni mbuzi. Siku niliyouza likizo yake ya pili alikuwa jikoni. Aliosha sufuria ile ile mara tatu. Ningemwuliza, nikaona nitachelewa kumchukua Ustadhi.

Usinielewe vibaya, sikuwa nimeacha kuwawaza. Nilikuwa nawawaza kwa bidii. Kila aliyetoka likizo nilimsachi, na wote, Salum, wote walisema mamoja. "Mama yako mzima. Anakusalimu sana. Mwanaidi amekua, mtiifu. Nyumba inapendeza." Nilimwuliza mmoja akiwa peke yake, nikamwuliza mwingine, nikawakutanisha. Hakuna aliyempinga mwenzake. Nikasema, basi, ni kweli, andika.

Chande ndiye aliyekwenda mwisho. Chande unamjua, mlinzi wa hotelini, mwenye kicheko cha kushtua watu. Nilikuwa nimempa picha yetu ile tuliyopiga Korniche, kando ya bahari, ampelekee bibi, wewe umevaa kanzu. Aliporudi akaniambia, "Bibi kaishika picha ile, kaitazama weee, mpaka nikaogopa ataila." Nikacheka. Niliondoka pale mwepesi kabisa.

Miezi michache baadaye bibi yako akafariki. Homa, siku chache tu, wakazika siku hiyo hiyo kama ilivyo ada. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, unakumbuka simu ilivyolia tukiwa tunakula. Usilolijua ni hili. Katika wale waliopiga kunipa pole, shangazi yako mmoja akasema, "Afadhali amepumzika na lile giza." Nikasema, giza gani? Akaanza kuniuliza hali ya mama yako. Nikasema, dada, giza gani?

Alikuwa haoni. Mtoto wa jicho, yote mawili, mwaka wa pili ule. Ugonjwa unaotibika, Salum. Unampeleka mtu hospitali, wanamtoa, anarudi nyumbani anaona. Ila alikuwa amewaambia wote, Mwanaidi, majirani, kila aliyetoka Doha akapita kumsalimia: msimwambie, ataacha kazi, ataacha nyumba katikati. Mwanaidi ndiye aliyekuwa anamwongoza chooni, anamchagulia mchele, anatoka shule mbio kabla hajajiunguza na jiko. Mtoto wa miaka kumi na tano, kumi na sita. Na pembeni yao, hatua chache, fundi anapandisha ghorofa.

Nilimfuata Chande mlangoni mwa hoteli yake akiwa kazini, amevaa sare. Nikamwambia, ulisema aliitazama. Chande akavua kofia. Akasema, "Aliishika, kaka. Wallahi aliishika. Akaipapasa yote, akauliza Salum yuko upande gani, nikamweka kidole juu ya uso wake. Hilo la kutazama niliongeza mimi." Nilitaka kumpiga. Nikaona analia, nikarudi garini.

Hapo ndipo nilipoelewa ujinga wangu, nao ni ujinga wa watu wa huku. Tunaulizana sana. Tunaulizana mpaka usiku. Lakini anayeulizwa anakuona umekonda, kitanda chako ni hicho, kesho basi linakuchukua, anawaza nimwambie ili afanye nini? Anakupa kitu cha kulalia. Na mwenzake naye anawaza vivyo hivyo. Wanakubaliana bila kupanga. Na mimi nilikuwa nauliza kwa uso wa mtu anayeomba jibu zuri, mtoto mdogo angeuona. Hata huyo Mfalme, sijui ni wasafiri wangapi walitazama kiti chake na walinzi wake wakasema ndiyo, ndiyo, ndivyo ilivyo.

Sasa nikupe ile sehemu niliyokuwa nakunyima.

Baada ya msiba, siku moja nampeleka Ustadhi Doha, naye akaendelea na somo pale alipoishia, hakujua mimi nina nini ndani. Akasema, leo nitakupa habari za mama wa Mfalme. Mama huyo ndiye aliyemlea, akamshikia kisiwa mpaka akakua. Mfalme alipokuwa kijana wa umri wako, ikaja posa: mfalme wa Yerusalemu anataka kumwoa mama. Wakakubaliana kwamba wasipozaa, ufalme wa Yerusalemu utamrudia yeye kijana. Basi mama akapakiwa merikebuni na mali isiyohesabika, askari, nguo, hazina, akapelekwa. Kijana akabaki kwake anangoja kiti cha pili. Kule Yerusalemu mali ikaliwa. Ilipokwisha, wakasema ndoa yenyewe haikuwa halali, mume alikuwa na mke mwingine hai. Wakamrudisha mama mikono mitupu, ameaibika. Hakukaa, akafa. Mfalme aliishi na chuki ya Yerusalemu mpaka kaburini.

Ustadhi akauliza, kama anavyouliza darasani, "Je, yaa Abu Salim, aliwachukia Yerusalemu, au alijichukia?"

Nilisimamisha gari pembeni ya barabara kuu, nikawasha taa za hatari, nikashuka. Nilisimama kwenye ule mchanga nikalia kwa sauti, magari yanapita yananipigia honi. Kwa bibi yako nilikuwa sijalia bado. Ustadhi naye akashuka, na mkongojo wake, kwenye lile jua, akasimama karibu yangu. Hakusema kitu, na kwa Ustadhi hiyo ni kazi. Siku ile ile akamwita mwanawe mkubwa, akamwambia huyu anakwenda kwao, wewe utaendesha.

Nikawahi arobaini. Hukuja, ulikuwa na mitihani, ukabaki na mama yako. Nilipofika Pongwe, Mwanaidi alinipokea vizuri. Nataka ulielewe hilo neno, alinipokea *vizuri*. Aliniletea maji ya kunawa, akanishikia taulo. Akanitandikia kitanda kipya kule ghorofani, shuka zimepigwa pasi. Jioni nikamwambia, na wewe utalala chumba gani? Akasema, "Mimi nalala kwa bibi." Kwenye ile nyumba ya udongo. "Hii nyumba yako, baba. Pumzika." Akafunga mlango taratibu, mtoto mwenye heshima. Nililala peke yangu katika vyumba vile vyote, hata popo hawajaingia, nasikia saruji inanuka. Asubuhi niliamka nikakuta chai imefunikwa kawa, yeye ameshakwenda shuleni. Ndivyo nilivyopokelewa mpaka nikaondoka, kama mgeni wa serikali.

Toka siku hiyo nikipiga simu ananijibu, "Mimi mzima baba, shikamoo, huyu hapa shangazi." Na mama yako anaongea naye kila siku jikoni, wanacheka, nasikia kicheko mpaka nje. Mimi nikiingia mama yako anapunguza sauti. Simlaumu hata mmoja.

Nimechoka, Salum. Sikwambii unionee huruma, nakwambia tu. Nimeendesha gari za watu kupita mji ambao umejengwa ukabomolewa ukajengwa tena mbele ya macho yangu, na mimi niko kiti kile kile. Nilikuwa na tamaa kubwa, na tamaa yenyewe haikuwa mbaya, sikuiba, sikunywa, sikuoa mke wa pili. Nilitaka wanangu wakae pazuri. Kosa langu ni kwamba niliipa ile nyumba kila kitu, na waliokuwa wakae ndani yake nikawapa salamu. Wewe kichwani una mambo makubwa, nakusikia ukiongea na wenzako, utafungua hiki, utanunua kile. Sikukatazi. Siwezi kumkataza mtu nilichokifanya kwa mikono miwili. Ila siku utakapojikuta unasema "mwakani" na kifua kinatulia, simama hapo hapo, washa taa za hatari.

Wewe unakwenda kulala Pongwe, chuo kiko mjini, utakuwa unakwenda na kurudi. Watu watakwambia nyumba ya baba yako ni ile ya ghorofa, ingia. Usiingie. Nenda kwa dada yako, kwenye ile ya udongo, umuulize yeye utalala wapi. Akikwambia chini kwenye mkeka, lala mkekani. Humjui, na yeye tangu ulipokuwa na miaka sita anakujua kwa picha tu, na picha yenyewe ni ile ya kanzu. Ana haki ya kukukasirikia. Wewe ndiye uliyechukuliwa. Hukufanya kosa lolote, ila usimbishie.

Na atakusachi. Jiandae. Si siku ya kwanza, dada yako ana subira kama ya bibi. Siku moja mtakuwa mnachambua mchele atakuuliza, baba yukoje. Salum, usifanye kama Chande. Mwambie ulichokiona. Mwambie tunaishi chumba kimoja cha nyuma mpaka leo, kwamba siku za baridi tunalala tumebanana. Mwambie nakoroma, nina hasira za kijinga barabarani, nimeuza likizo za mama. Mwambie na ya kwenye mchanga, kama unaona inafaa. Usinipunguzie, usiniongezee.

Halafu mwambie na ya Mfalme. Nilikuwa sijui mwisho wake, Ustadhi kanipa wiki iliyopita tu, tunatoka hapa hapa kliniki, sauti imekwisha, ananong'ona. Mfalme alikuwa na wana wengi, akawategemea hao. Wakafa mmoja mmoja mbele yake, akabaki mdogo ambaye hakuna aliyemfundisha kazi. Alijijengea kanisa mji mwingine, na jeneza la jiwe jekundu tayari, azikwe huko. Hawakumzika huko. Afrika ikapotea katika miaka michache. Ile ramani ya madini ya fedha, watu walivamia kasri wakati wa mwanawe wakaivunja wakagawana vipande, na Malindi na Mombasa yetu ndani yake. Na unajua mwishoni nani alikuja kukalia kile kiti? Binti yake. Alizaliwa baba yake ameshakufa, hakuwahi kumwona hata siku moja. Katika ile ramani Mfalme aliandika mpaka watu wa Zenji wanaochimba chuma, na mwanawe mwenyewe hakumwandika popote.

Nilimwuliza Ustadhi, huyo binti alimwongelea vipi baba yake? Akasema vitabu havisemi. Nikamwambia, basi mimi wangu yuko hai, naweza kumuuliza. Akafumba macho, nikadhani amelala. Kumbe anatabasamu. Akasema mwambie kijana asisahau kusini iko juu.

Basi jambo lenyewe ndilo hili, na ndilo lililoniandikisha yote haya. Likizo yangu ya mwaka huu imefika na sijaiuza. Tiketi ninayo, naweza kuja baada ya Ramadhani. Lakini sitaki kuja tena kutandikiwa shuka za pasi. Nataka umuulize dada yako kama nije. Usimbembeleze, usimwekee maneno mdomoni, usiniitie shangazi wala mashehe. Muulize tu, halafu uniletee alichosema, neno kwa neno.

Akisema njoo, niambie njoo. Akisema asije, niambie asije, mimi nitabaki na nitaendelea kuuliza kila mwaka, ni zamu yangu kungoja. Ila usinipigie simu ukaniambia wote wazima, wanakusalimu sana. Hiyo nimeshaambiwa miaka mingi. Niambie kitu ambacho utaona aibu kuniambia, hapo ndipo nitajua umefika kweli.

Mlango wa kliniki umefunguka, wanamtoa na kiti cha magurudumu. Kapunga mkono, anatafuta gari liko wapi, na gari liko mbele yake. Acha nikamshike.

Mungu akufikishe salama, mwanangu. Dada yako akitaka kuisoma barua hii, mpe aisome yote, hata hapa chini.

Ni mimi,
Baba Mwanaidi